Besi ya nyuzi nne au tano, kombo ya Japani au pedali ya DI? Ukumbi wa watu 250

Besi_Moro

Wakuu, naomba mchango kabla fedha ya kwaya haijatoka. Tunanunua gita la besi na kifaa cha kulitolea sauti, vyote kwa mkupuo mmoja. Ukumbi unaingia watu kama 250, kuta za tofali, juu bati. Tuna mikseri ya chaneli 12 na spika mbili za inchi 15 zenye amplifaya ndani yake. Sub (spika ya sauti za chini kabisa) hakuna. Dramu ni za kawaida, maiki iko kwenye kiki (dramu ya mguu) tu. Nyimbo nyingi zinaanza taratibu na kuishia kwenye sebene, na mpiga kibodi wetu anapenda funguo za Eb na Ab.

Tulivyoviona: Yamaha TRBX174 iliyotumika (nyuzi nne, haina betri), na besi mpya ya nyuzi tano yenye betri, jina lake si maarufu. Bei zinakaribiana. Upande wa sauti kuna kombo (amplifaya na spika kwenye boksi moja) ya inchi 15, wati 100, imetoka Japani na nyuma imeandikwa 100V. Wengine wanasema tuachane na amplifaya, tuchukue Behringer BDI21 (pedali ya DI, yaani inayofikisha sauti ya gita kwenye mikseri) na kuchomeka kwenye mikseri moja kwa moja. Kuna pia anayeuza Zoom B1 Four, pedali ya kubadilisha sauti, anadai hiyo inamaliza kila kitu.

Tuanze na kipi, na dukani tukague nini?

FundiNyuzi

Mkuu, funguo za mpiga kibodi wako zimeshajibu nusu ya swali. Besi ya nyuzi nne inaishia kwenye E, yapata herzi 41. Eb ya chini iko nusu hatua nje ya gita. Wimbo ukiwa Eb, mpigaji anaikuta kwenye freti (kichuma cha shingoni) ya 6 ya uzi wa A, na kutoka hapo hana pa kushuka. Besi ya nyuzi tano ina B ya chini, herzi 31, na Eb ile ya chini inapatikana freti ya 4 ya uzi huo. Ndiyo maana wapiga besi wengi wa injili wanakimbilia nyuzi tano.

Ila kabla hamjaikimbilia, ishusheni ile ya nyuzi nne nusu hatua: Eb, Ab, Db, Gb. Nyuzi mbili nene zinakuwa funguo zile zile anazozipenda mpiga kibodi, tena mtupu (bila kubana freti), na vidole vinacheza kama wimbo uko E au A. Gharama yake ni seti ya nyuzi tu. Mvutano wa nyuzi unapungua kwa takriban asilimia 11, kwa hiyo seti ya kawaida ya unene wa inchi .045 hadi .105 italegea kidogo na inaweza kukwaruza freti. Weka inayoanzia .050, kisha shingo irekebishwe upya.

Hiyo ya nyuzi tano isiyo na jina, tatizo likiwepo litakuwa kwenye uzi wa B. Jaribu hivi: piga E kwenye freti ya 5 ya uzi wa B, kisha piga uzi wa E mtupu. Ni noti ile ile. Kama ya kwanza inasikika imefifia, haina mwanzo unaoeleweka, au inapanda na kushuka kabla haijatulia, iache hapo hapo dukani. Uzi mnene zaidi, kama .130, unasaidia kiasi. Shingo isiyo imara hauisaidii.

Ukaguzi wa besi iliyotumika, usiuharakishe:

Itazame shingo kwa urefu ukianzia kichwani, kama unavyokagua ubao. Ikiwa upande wa uzi mnene umeinuka na wa uzi mwembamba umelala, shingo imejipinda, na hilo halitibiki kwa ufunguo wa Allen. Kisha bana uzi wa E kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, uangalie pengo kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Milimita 0.3 ni nzuri, unene wa kadi ya biashara. Pengo likiwa kubwa, chuma cha ndani ya shingo kinakazwa. Likiwa halipo kabisa, kinalegezwa. Mwombe muuzaji aingize ufunguo ukiwepo, azungushe robo mzunguko tu. Chuma kisichosogea, au kilichokwisha kukazwa mpaka mwisho, ni sababu tosha ya kuondoka.

Baada ya hapo pima kwenye freti ya 12: uzi wa E uwe juu ya freti kwa milimita 2.5 hivi, wa G milimita 2. Piga kila noti ya kila uzi hadi freti ya mwisho. Kazi ya dakika tano, lakini ndiyo inayofichua freti iliyoinuka. Mwisho linganisha mlio wa kugusa uzi bila kuubana juu ya freti ya 12 na noti yenyewe ukiibana. Ukibana noti ikapanda, kiti cha uzi huo kwenye daraja kinarudishwa nyuma. Ikishuka, kinasogezwa mbele. Usihukumu jambo hili kwa nyuzi zenye kutu, zitakudanganya.

Nyuzi5_Daima

Kushusha nusu hatua kuna kasoro yake: siku anapokuja mpigaji mgeni, au kwaya inaimba G na D ibada nzima, mtu anahesabu freti kichwani badala ya kumsikiliza mpiga dramu. Fedha ikiruhusu tafuteni ya nyuzi tano yenye jina, hata kama imetumika. Yamaha TRBX305 ni mfano. Hiyo hutumia betri ya volti 9, na hapa ndipo wengi hulaumu besi bure: kebo ikichomekwa kwenye gita, betri imeshaanza kuliwa, hata kama amplifaya imezimwa. Chomoa kebo kila baada ya ibada. Sauti ikianza kukwaruza kwenye noti kali tu, betri inakaribia kuisha.

Halafu msitegemee miujiza kwenye spika zenu. Spika nyingi za inchi 15 za aina hiyo huanza kuporomoka chini ya herzi 45 au 50. Eb ya chini ni herzi 39. Watu watasikia zaidi mlio wake wa okteva ya juu, herzi 78, na sikio litajaza lililobaki. Noti itaeleweka, ila kifua hakitatetemeka.

WayaMwekundu

Nizungumzie hiyo 100V maana hapo ndipo fedha huungua. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka hivyo hivyo, fyuzi ikikuhurumia ndiyo itakayokufa kwanza. Isipokuhurumia ni trafo na kapasita. Tazama nyuma kama kuna swichi ya kuchagua volti. Ikiwepo, igeuze mashine ikiwa imechomolewa, na ubadilishe fyuzi kwa ile iliyoandikwa kwa volti 230, ambayo kwa kawaida ni nusu ya ampea za ile ya volti 100. Swichi isipokuwepo, unahitaji trafo ya kushusha 230 hadi 100. Zile za kushusha hadi 110 zimejaa madukani, lakini hizo zinaipa mashine ya Japani asilimia 10 zaidi kila siku, na umeme ukipanda inazidi. Soma pia kama imeandikwa 50/60Hz. Ya Japani mara nyingi inakubali zote mbili. Ya Marekani iliyoandikwa 60Hz peke yake inapata joto zaidi kwenye umeme wetu wa herzi 50.

Wati sasa. Msidanganywe na namba. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3, tofauti inayosikika lakini si kubwa. Ili sikio liseme "imekuwa mara mbili", unahitaji karibu mara kumi ya wati. Na soma wati hizo ni kwa omu (ukinzani wa spika) ngapi: Fender Rumble 500 inatoa wati 350 kwa spika zake za ndani, na 500 mpaka uongeze boksi la nje la omu 8. Boksi mbili za omu 8 zikiungwa sambamba ni omu 4. Amplifaya iliyoandikwa mwisho omu 4 ukiiongezea boksi la tatu, inapungua hadi omu 2.7 hivi, nayo itajizima au itaungua.

Kwa ukumbi wenu, wati 100 peke yake dhidi ya dramu itakwama. Itabidi muifungue mpaka spika ianze kupasuka sauti. Kama spika ya jukwaani ya kuwasikilizisha mpiga besi na mpiga dramu, huku hadhira ikipata besi kupitia mikseri, inatosha vizuri. Kwa kazi hiyo hiyo, Rumble 100 ina spika ya inchi 12, kilo 10 tu, na tundu la XLR (la pini tatu, kama la maiki) nyuma la kwenda kwenye mikseri. Kombo za zamani za inchi 15 nyingi ni mzigo wa watu wawili.

Na msije mkachomeka besi kwenye amplifaya ya gita la solo mkaipandisha. Spika yake haikuundwa kwenda mbele na nyuma kwa umbali huo. Ya kibodi ni afadhali.

MawimbiMsa

Salamu kutoka Mombasa. Hapa kwenye pedali kuna mambo mawili mnayachanganya: kinachobadilisha sauti, na kinachoifikisha kwenye mikseri.

Zoom B1 Four ina kompresa (inayopunguza noti kali zilingane na nyingine), ikwalaiza, tyuna, midundo, kila kitu. Tundu la XLR haina. Ukitoka nayo kwa kebo ya kawaida ya mita 15 hadi kwa mikseri, kelele zote za njiani zinaingia. Itahitaji boksi la DI baada yake. BDI21 ina XLR, kwa hiyo kwenu ndiyo inayotangulia. Ganda lake ni plastiki. Igundishe kwenye ubao, usiikanyage kwa kisigino.

Hiyo BDI21 imefuata mpangilio wa SansAmp Bass Driver ya Tech 21, na imerithi tabia yake: ukizungusha kitufe cha Blend (kinachochanganya sauti ya pedali na ya gita lenyewe) hadi mwisho, masafa ya katikati yanazama, na hayana kitufe chake. Nyumbani inasikika tamu, kwenye bendi besi inapotea. Anza na Blend nusu, Drive chini kabisa, Bass na Treble katikati, Presence robo. Kwenye mikseri pandisha kidogo herzi 700 hadi 800 ndipo pigo la sebene lisikike. Kata chini ya herzi 40, spika zenu hazina cha kufanya na huko. Halafu mwambieni mpiga kibodi apumzishe mkono wa kushoto unaogongana na besi. Hakuna pedali inayotibu hilo.

Msichomeke TRBX174 kwenye tundu la laini la mikseri bila kitu katikati. Pikapu (kinachonasa mlio wa nyuzi) isiyo na betri inataka tundu la karibu megaomu 1. La laini huwa kiloomu 10 au 20, na sauti inakuwa butu. Kwa sababu hiyo hiyo besi isiyo na betri ipewe DI inayotumia umeme. Ya betri inaweza kutumia DI rahisi isiyo na umeme.

Kompresa mkiipata baadaye: uwiano 4 kwa 1, kuanza milisekunde 25, kuachia 150, na noti kali ishuke desibeli 3 hadi 6, si zaidi. Ukiona taa inawaka muda wote, umeshaua pigo. Mpangilio: tyuna, okteva, kompresa, ovadraivu, mwisho DI. Okteva ikiwekwa baada ya ovadraivu inapoteza noti. Adapta iwe volti 9 yenye hasi katikati, na pedali ya dijitali kama Zoom ipewe adapta yake, maana ikichangia na nyingine huleta mlio mwembamba.

Besi_Moro

Asanteni sana. Tunaelekea TRBX174 na BDI21, na kombo ya Japani ikibaki ya jukwaani, kama shingo ikipita ukaguzi. Maswali mawili: trafo iwe ya wati ngapi? Na tukiunganisha kombo na mikseri kwa pamoja, mlio wa "mmmm" tutauzuiaje?

WayaMwekundu

Soma nyuma ya kombo inakula wati ngapi kutoka ukutani, si zile 100 za spika. Ikiandikwa 150, chukua trafo ya 300. Hizi za bei nafuu mara nyingi haziwezi kubeba kwa muda mrefu wati zilizoandikwa juu yake. Iwe na pini ya ethi inayopita mpaka upande wa pili. Nyingine zina matundu mawili tu, na hapo nyuzi za besi zitamchoma mpigaji midomo akigusa maiki.

Mlio huo husababishwa na ethi kukutana kwa njia mbili. Bonyeza swichi ya kukata ethi kwenye BDI21. Kamwe msikate pini ya ethi ya plagi ya ukutani, hata fundi akisema ndiyo dawa. Chomeka kombo na mikseri kwenye soketi za laini moja.

Kuwasha: mikseri kwanza, spika na kombo mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Trafo ikae mita moja au mbili kutoka kwa mpigaji. TRBX174 ina pikapu mbili: ya katikati iliyogawanyika mara mbili hujifutia kelele yenyewe, ya karibu na daraja haiwezi. Trafo ikisikika kwenye besi, punguzeni hiyo ya darajani kabla hamjaanza kuilaumu kebo.