Ushauri: mtoto wa darasa la 4 yuko mbele sana kwenye hesabu, Kiingereza bado. Kituo cha vipaji cha Chuo Kikuu cha Iowa kinasaidiaje?

Mama_Furaha (Iowa City, Marekani)
Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaoyajua haya mambo. Mtoto ana miaka 9, darasa la 4, na bado yuko kwenye vipindi vya wanaojifunza Kiingereza. Hesabu anamaliza wenzake wakiwa bado wanachonga penseli. Shule imempima kwa CogAT (mtihani wa uwezo wa kufikiri), majibu ni haya: maneno 61, hesabu 97, maumbo 94. Wamesema wastani wa jumla haufiki, kwa hiyo haingii TAG, yaani mpango wa shule wa watoto wenye vipaji. Nimesikia kuna kituo cha Belin-Blank pale chuo kikuu. Wanafanya nini hasa? Na je, niombe arushwe darasa?

Bukavu_319
Dada, hizo namba si maksi. 97 haina maana kwamba amepata maswali 97 kwa 100. Ina maana kwamba katika watoto 100 wa umri wake, amewapita kama 97. Sasa angalia kosa la shule: wamechukua sehemu tatu wakazipigia wastani, na sehemu moja inapima lugha ambayo mtoto bado anajifunza. Ukichanganya uji na mchuzi hujui tena kipi kina chumvi.

Tafuta kwenye ripoti herufi iliyo karibu na namba moja ndogo. Kwa majibu kama hayo, inatakiwa isomeke 8E (V–). Hiyo E inaonyesha kuwa sehemu za mtihani zimeachana mno, pointi 24 au zaidi (za alama sanifu za ripoti, si za hizo namba ulizoandika), na V– ni kwamba iliyoachwa nyuma ni ya maneno. Ripoti yenyewe inawaambia wasitegemee wastani. Waombe wakupe alama ya QN, yaani hesabu na maumbo peke yake. CogAT inaitoa, hakuna haja ya kumpima mtoto upya.

Kalamu_ya_Risasi
Naongezea kisheria, maana hapo ndipo wengi hukwama. Sheria ya Iowa, sura ya 257, inazitaka wilaya za shule ziwe na mpango wa watoto wenye vipaji, na kifungu cha 257.44 kinataja aina za uwezo. Mojawapo ni uwezo katika eneo maalumu, kando na akili ya jumla. Kwa hiyo usibishane nao kuhusu wastani. Andika kwamba unaomba mtoto aangaliwe kwa kipaji cha hesabu peke yake. Barua iwe fupi: alama ya hesabu, alama ya QN, kazi zake mbili tatu, na ombi la kikao. Kikao hicho shule inapaswa kukuletea mkalimani bila malipo. Usikubali mtoto ndiye atafsiri mambo yanayomhusu mwenyewe, atapunguza chumvi au ataongeza.

Kuhusu kituo: Belin-Blank ilianza 1988, iko chini ya kitivo cha elimu. Si shule, hutampeleka akasome huko kila siku. Wana mitihani ya ngazi ya juu (ya madarasa yaliyo mbele ya mtoto), programu za wikendi na za kiangazi, kliniki ya wanasaikolojia (muhimu sana kwa mtoto mwenye kipaji ambaye pia ana shida ya kusoma au ya umakini), na mafunzo ya walimu. Uliza msaada wa ada kabla hujalipa chochote.

Baba_Swaumu
Mrushe tu darasa, mbona huko nyumbani watu walirushwa la nne hadi la sita na wakafaulu.

Mwl_Sehemu
Hapana, ndugu yangu, taratibu. Nyumbani anayerushwa anarushwa masomo yote kwa sababu hakuna njia nyingine. Hapa kuna nyingi: ripoti ya kituo hicho ya 2015 inaorodhesha aina 20 za kuharakisha masomo, na kuruka darasa zima ni moja tu.

Kuruka darasa zima kuna kipimo chake, Iowa Acceleration Scale. Kabla ya kujumlisha pointi zozote kina vizuizi vinne. Mtoto asirushwe kama uwezo wake wa jumla haujapita wastani kwa hatua moja kamili ya mtawanyiko, yaani kama 115 pale wastani ulipo 100. Asirushwe kama ana ndugu katika darasa alilomo sasa, wala kama ana ndugu katika darasa anakokwenda. Na asirushwe kama mwenyewe hataki. Hicho cha mwisho wazazi wetu huwa hawakiulizi kabisa.

Kwa mtoto wa Mama Furaha naona njia ni kupanda somo moja, hesabu tu. Mambo huenda hivi:

1. Apimwe kwa mtihani wa ngazi ya juu. Wa darasa lake haufai, ameshagonga dari. Mtoto wa urefu wa mita mbili na wa mita moja na nusu wote wanagusa dari la kibanda cha kuku. Kituo kimekuwa kikitumia I-Excel kwa darasa la 4 hadi la 6 (waulize kama bado ni huo), maswali yake ni ya kiwango cha darasa la 8. Ina sehemu nne: Kiingereza, hesabu, kusoma na sayansi. Soma mstari wa hesabu kwanza.

2. Akifika katikati ya wanafunzi wa darasa la 8, yaani amewapita nusu yao, ndipo mwalimu anaendelea na hatua inayofuata. Akiwa chini ya hapo, apewe maswali mazito zaidi ya mada zilezile, asipandishwe bado.

3. Apewe mtihani wa mwisho wa kila mada kabla haijafundishwa. Kiwango kinachotumika sana ni 85%, kwa maswali 20 ni 17. Akikifikia, mada hiyo asiirudie.

4. Usitupe yale matatu aliyokosa, ndiyo yenye habari. Mfano: 2/3 + 1/4 ameandika 3/7. Amejumlisha viasi kwa viasi na asili kwa asili, hajui kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika). Hilo ni pengo la siku mbili: 8/12 + 3/12 = 11/12, mazoezi kama kumi, apimwe tena. Likiachwa hivyo atafika aljebra akiwa nalo, na watu watasema alipandishwa mapema.

Mama_Furaha
Asanteni sana, nimeipata hiyo E, ipo kweli! Lakini mwalimu anasema hesabu za darasa la 5 zinafundishwa saa ileile ambayo mtoto ana kipindi cha Kiingereza.

Mwl_Sehemu
Ratiba ndiyo huua mipango mingi kuliko uwezo wa mtoto. Asiachishwe Kiingereza. Waombe wahamishe kipindi cha lugha kwa kikundi kingine, au afanye hesabu za la 5 na mwalimu wa TAG katika saa ya hesabu ya darasa lake. Na swali la pili uliulize leo: akimaliza hesabu za la 6 akiwa darasa la 5, nani atamfundisha, na akihitaji kwenda shule ya kati nani atamsafirisha? Iandikwe mwaka kwa mwaka, pamoja na jina la anayehusika. Mwalimu anayeahidi kwa mdomo anaweza kuhama Juni.

Kalamu_ya_Risasi
Kama shuleni hakuna aliyesomea hili, mwambie mwalimu kwamba kibali cha TAG Iowa ni saa 12 za masomo ya chuo: saikolojia ya watoto hawa, upangaji wa programu, usimamizi, na mazoezi kwa vitendo. Kituo hufundisha kozi hizo, na nyingine unasomea mtandaoni. Hata kozi moja tu ya upangaji itamsaidia.

Mama_Furaha
Na huo mtihani wa ngazi ya juu, nimwandae vipi?

Bukavu_319
Usimkaririshe mada za darasa la 8, utaharibu kipimo. Mwambie mapema kwamba mengi hatayajua, maana mtoto aliyezoea kupata yote anaweza kulia pale kwenye kiti. Halafu mzoeshe maneno ya maswali kwa Kiingereza: angalau, isiyozidi, kwa kila, salio, mara tatu zaidi. Maneno matano kwa siku, kila moja na swali lake dogo. "Isiyozidi" ndilo linalowachanganya wengi, anza nalo.