Muvi ya Kimexico iliyokukaa rohoni ni ipi? Tupeane uzoefu

#1 (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Wengi wetu Mexico tuliijulia kwenye tamthilia: tajiri, maskini, mtoto aliyepotea, kilio mwanzo mwisho. Muvi zao ni habari nyingine kabisa.

Naanza mimi. Roma ya Alfonso Cuarón, 2018. Stelingi ni Cleo, dada wa kazi kwa watu wenye nafasi, Mexico City ya 1970 na 1971. Inaanza na sakafu inamwagiwa maji, povu linakwenda na kurudi, na ndani ya maji yale unaona ndege inapita. Kuna kipande familia imekaa inaangalia runinga, Cleo kakaa chini pembeni, mtoto kamwekea mkono begani. Hata hajatulia, anaagizwa chai ya bwana. Hakuna aliyemgombeza, hakuna aliyemtukana. Mimi nimelelewa na dada wa kazi, kile kipande nilikirudia.

#2
Roma ilinishinda mkuu. Haina rangi, haina muziki wa kukuandaa, baba anaingiza gari kwenye uchochoro wa nyumba utadhani anatia uzi kwenye sindano. Usingizi ukanibeba.
Mimi nipe Amores perros (2000). Ajali moja ya gari, maisha ya watu watatu. Ila kama unapenda mbwa, jiandae.

#3
Coco! Nililia mbele ya watoto.

#4
@3 Coco ni ya Pixar, Wamarekani hao. Hadithi ndiyo ya Mexico. Ila kulia ruksa.

#5
Nimefanya kazi halmashauri miaka mingi, kwa hiyo yangu ni La ley de Herodes (1999) ya Luis Estrada. Juan Vargas, msimamizi wa dampo, mtu mpole tu, chama kinamteua kuongoza kijiji cha San Pedro de los Saguaros. Waliomtangulia wananchi wamewamaliza. Anaanza na nia njema kabisa, anataka umeme, shule. Anakwenda mjini kuomba fungu, bosi anamwambia hela hakuna, anampa kitabu cha katiba na bastola. Basi! Anarudi, anafungua katiba, anagundua kila kifungu ni faini. Nguruwe kazurura, faini. Danguro, lipa. Umeme wenyewe unaishia kuwa nguzo moja katikati ya vumbi.

Nilicheka mpaka wa nyumbani wakaja kuuliza kuna nini. Halafu kicheko kikakata, maana ile sura ya Vargas anapopokea bahasha ya kwanza, anasita, kisha anaiona nyepesi, nimeshaiona kwa watu nilioshiriki nao ofisi. Na chama hakikufichwa jina, ni PRI chenyewe, kikiwa bado madarakani. Kiling'oka 2000.

#6
Mimi niliangalia Macario (1960) na bibi, Pangani, namtafsiria. Mkata kuni fukara ana hamu moja tu maishani: ale bata mzinga mzima peke yake bila kugawana na mtu. Mkewe anaiba mmoja, anampikia. Kaenda na bata wake porini, anatokewa na Shetani, anamnyima. Anatokewa na Mungu, anamnyima. Anakuja Kifo, anamkatia nusu.
Bibi akaruka, "Izraili huyo! Mbona anamkaribisha?"
Nikamwambia subiri. Macario anajieleza baadaye: ukishamwona huyo muda umekwisha, angalau wakati anakula na wewe utapata kula. Bibi akanyamaza, kisha akasema, "Ana akili huyo kijana." Mwishoni kuna pango lenye mishumaa, kila mshumaa uhai wa mtu. Siwamalizii.

#7
Los olvidados ya Luis Buñuel, 1950. Watoto wa mtaani, Pedro na Jaibo. Nilikuwa nafanya kazi na watoto wa namna hiyo Mombasa, na Buñuel hakuwafanya malaika. Wanampiga hata kipofu mawe. Ndiyo maana naiamini. Usiiangalie usiku ukiwa peke yako.

#8
@6 hiyo Macario ina maandishi ya Kiingereza chini? Mama yangu naye anapenda hadithi za Izraili.