Naomba ushauri: nifundisheje undugu wa nyangumi na kiboko?
Wakuu, habari zenu. Nafundisha baiolojia sekondari, na wanafunzi wananibana: nyangumi na pomboo walitokana na kiboko? Nawaambia hapana. Kati ya wanyama wa nchi kavu walio hai kiboko ndiye ndugu yao wa karibu zaidi, ila si babu yao. Babu wao wa pamoja alishatoweka. Pakicetus, nyangumi wa kale aliyeishi Pakistan miaka milioni 50 hivi iliyopita, alitembea kwa miguu minne, na mfupa wa kifundo chake unafanana na wa mbuzi. Hapo kwenye mbuzi darasa zima linakataa!

Nafikiria kuanza na mabaki ya Wadi al-Hitan, Misri: nyangumi wenye vijiguu vya nyuma. Au nitangulize DNA? Sina projekta wala maabara. Mliowahi kufundisha mada hii, naombeni mbinu.