Waridi la jangwa lina majani tele, maua hakuna

Mama Tatu:
Wadau, naomba msaada. Nina waridi la jangwa mbele ya nyumba. Nililitaka kwa sababu ni la asili ya nchi zetu kavu, halihitaji kubembelezwa kama mapambo ya kuletwa. Limestawi, majani yanang'aa, ila halijatoa hata ua moja. Liko kwenye kivuli cha ukuta, nalimwagilia kila jioni na samadi linapata. Nikilibonyeza shina karibu na udongo, upande mmoja unabonyea. Tatizo nini?

Mzee wa Miche:
Mama, maua yasubiri, maji yasimame leo. Ule unene wa chini ndiyo ghala lake la maji. Likiwa na kiu, shina hunywea lote. Kulainika upande mmoja ni dalili ya kuoza. Ling'oe, ukate palipooza kwa kisu safi mpaka uone nyama nyeupe isiyo na doa hata kidogo. Ukibakiza alama ya kahawia, uozo unaendelea. Liache mahali pakavu siku kadhaa jeraha lifunge. Ukilirudisha, changanya udongo na mchanga na kokoto nyingi, inua tuta maji yasituame.

Na tafadhali vaa glavu. Utomvu wake una sumu inayodhuru moyo, wawindaji wamepaka mishale kwa huo. Watoto na mbuzi wasilifikie.

Binti Kiangazi:
Naongezea: likipona lihamishie juani, lipate saa sita au zaidi kwa siku. Maua hutokea kwenye ncha za matawi, kwa hiyo pogoa yale marefu. Kila tawi lililokatwa huchipua zaidi ya moja. Samadi punguza, naitrojeni nyingi inaleta majani tu. Vipande ulivyopogoa vinashika, lakini kama unapenda lile shina nene, otesha mbegu. Ya vipande mara nyingi hayajazi hivyo.

Mama Tatu:
Asanteni sana. Nimelichimbua, kweli mizizi ya upande ule ilikuwa nyeusi na inanuka. Nimekata, linakauka barazani. Sasa majani yanapukutika, ndiyo linakufa?

Mzee wa Miche:
Hapana mama. Hata porini hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na mara nyingi huchanua matawi yakiwa matupu. Wewe pima shina. Maadamu ni gumu, subiri.