Mjadala: Jeshi la Roma liliwanufaisha wafugaji wa mpakani, au liliwakamua?

Wakuu, kila tukizungumzia mpaka wa Dola la Roma tunaishia kwenye kuta, barabara na mapanga. Mifugo haitajwi. Na kule Mto Rhine, Uholanzi ya leo, mkulima alilala paa moja na mifugo yake: watu na moto upande huu, zizi upande ule. Walipoletwa maelfu ya askari wasiolima, zizi hilo ndilo lililowalisha na kuwavika. Hata mahema yao yalikuwa ya ngozi.

Msimamo wangu: waliwakamua. Tazama Wafrisii, kabila la huko kaskazini mwa Rhine. Drusus, jemadari wa Roma, aliona ni maskini, akawatoza ngozi za ng'ombe kwa matumizi ya jeshi. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia kwamba hakuna aliyejali ukubwa wala unene wa ngozi, mpaka alipokuja afisa aitwaye Olennius kuwatawala. Huyo akachagua ngozi za ng'ombe mwitu wa msituni ziwe ndicho kipimo. Ng'ombe wa Wafrisii walikuwa wadogo. Ngozi ya namna hiyo wangeitoa wapi? Wakatoa ng'ombe wenyewe, kisha mashamba, mwishowe wake na watoto wakaenda utumwani. Mwaka 28 BK uvumilivu uliisha: askari wakusanya kodi walitundikwa, na Olennius akakimbilia ngome ya Flevum. Karibuni.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Mleta mada, unachukua kisa cha afisa mmoja dhalimu unakifanya kanuni. Kachungulie mifupa iliyofukuliwa Tiel-Passewaaij, kijiji cha nchi ya Wabatavi, kabila jingine la huko Rhine. Mwanzoni mwa utawala wa Roma kondoo ni wengi, na umri waliochinjwa unaelekea kwenye sufu. Baadaye farasi wanaongezeka. Farasi humlea miaka kadhaa kabla hajafaa kazi. Anayenyang'anywa kila msimu hathubutu kuanza mradi huo. Ng'ombe nao walizidi kuwa wakubwa kadiri miaka ilivyokwenda. Halafu Wabatavi hawakutozwa kodi, na anayesema hivyo ni Tacitus huyohuyo.

*Mleta mada:*
Hawakutozwa mali, mkuu, walitozwa vijana. Kijana akishaondoka kujiunga na kikosi, nani atakata nyasi za kiangazi? Mwaka 69 BK Wabatavi wakaasi chini ya Julius Civilis, na moja ya malalamiko ilikuwa uandikishaji: maofisa walikamata wazee na wagonjwa ili wajikomboe kwa fedha. Mifupa siikatai, ila mifupa haina bei. Farasi aliyeuzwa na farasi aliyechukuliwa bure wote wanaacha nafasi ileile zizini.

*Mchangiaji wa pili:*
Naomba tuvuke bahari twende Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza, kwenye zile barua za vibao vya mbao za mwaka 100 BK hivi. Mtu aitwaye Octavius anamwandikia Candidus: amenunua nafaka nyingi, anahitaji kama dinari 500 haraka, la sivyo atapoteza kianzio alicholipa na kuaibika. Kuna ngozi anazotaka apewe huko Cataractonium, mji mwingine wa Uingereza. Angeshazifuata, ila hakutaka kuwaumiza wanyama wakati barabara ni mbovu. Hiyo ni biashara, siyo unyang'anyi. Tena mtu anayehurumia mnyama wake kwa sababu ndiye mtaji.

*Mleta mada:*
Pesa inazunguka kati ya Octavius na Candidus. Hizo ngozi zilikuwa za ng'ombe wa nani, na mwenyewe alipata nini? Barua imenyamaza. Nileteeni mkulima mmoja aliyelipwa.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Kibao cha Tolsum, hati ya Kirumi iliyoandikwa kwenye mbao, hukohuko kwa Wafrisii. Kilisomwa kuwa mkataba wa kuuziana ng'ombe, mashahidi wametajwa, taratibu zote za sheria ya Kirumi.

*Mleta mada:*
Nilikuwa nakisubiri hicho! Mwaka 2009 wataalamu walikisoma upya. Ng'ombe hayumo, mkuu. Ni hati ya deni.

*Mchangiaji wa pili:*
Hata mkopo ni biashara.

*Mleta mada:*
Inategemea dhamana ilikuwa nini. Endeleeni, nasoma.