Mjadala: Kwa nini filamu ya Kitanzania ikiwa nzuri inaambiwa "si Bongo Movie"?

Wadau, naleta hoja tuijadili. Siku hizi mtu akitazama filamu ya Kitanzania ikamkuna, utamsikia: "Hii si Bongo Movie, hii ni filamu." Nimeyasikia hayo juu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyofika hadi tamasha la Toronto mwaka 2021. Mgawanyo huu naupinga.

Chimbuko lake naliona kwenye biashara ya wasambazaji wa filamu wa Kariakoo, Dar es Salaam, si kwenye sanaa. Enzi za DVD msambazaji alinunua kazi kwa mkupuo, akakabidhiwa masta, yaani nakala mama ya filamu, na mtayarishaji akabaki hana chake hata nakala ziuzwe vipi. Hadithi moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na diski yake, mteja alipe mara mbili. Ndiyo maana tulikalishwa kutazama gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mtu anashuka, anapanda ngazi taratibu, na wimbo unapigwa mwanzo hadi mwisho. Waigizaji wale hawakuwa wajinga. Zile zilikuwa dakika za kujazia diski ya pili.

Leo mtayarishaji akipata fedha, muda wa kuandika mswada na nafasi ukumbini, tunamvua jina la Bongo Movie. Anayerekodi kwa haraka kwa sababu mfuko umekauka, tunamwachia. Hapo tunapima mfuko, hatupimi kazi.

Tamthilia sina ugomvi nayo. Ile inakuja kwa vipande kwenye king'amuzi na imejengwa ili usubiri kesho, kwa hiyo iitwe tamthilia. Lakini hizi mbili tunazozitenga, "Bongo Movie" na "filamu", kila moja ni hadithi moja inayoanza na kuisha.

Na tusisahau Aprili 2012, Kanumba alipofariki. Umati uliofurika Leaders Club, Kinondoni, ulikwenda kumuaga nyota wa Bongo Movie, na ulimpenda kwa kazi hizihizi zinazobezwa leo. Kama kila kilicho bora kinatolewa nje ya Bongo Movie, yeye mnamweka wapi?

Wanaotetea mgawanyo nijibuni na hili: kazi imepigwa Sinza kwa kamera moja, bajeti ya kuungaunga, lakini hadithi imesimama na waigizaji wameuvaa uhusika. Mnaiita nini?