Sakafu ya Corolla 110 imeoza upande wa abiria, mfukoni nina laki tatu

kapeti_bichi
Wakuu, habari za jioni. Gari ni Corolla 110 ya 1997, ipo Tanga. Kapeti la mbele upande wa abiria halikauki. Nimelifunua nikakuta matundu mawili: moja linapitisha ngumi, jingine kama sarafu, na bati la pembeni limekuwa kama biskuti. Fundi mmoja anasema apige faiba na lami, siku moja kwisha. Mwingine anataka kukata nusu ya sakafu kwa laki saba. Grenda ya kuazima ipo. Kipi nifanye mwenyewe, kipi nimwachie fundi?

nati_kumi
Mkuu, kabla ya bati tafuta maji yanakotoka, la sivyo mwakani utarudi na uzi huuhuu. Ivapoleta ya AC (kifaa kinachopoza hewa) iko nyuma ya droo ya dashibodi, upande huohuo wa abiria, na maji yake hutoka kwa kipira kidogo kwenye ukuta unaotenganisha injini na ndani. Kikiziba, maji yanarudi chini ya kapeti. Washa AC dakika 20 gari likiwa limesimama. Chini pasipodondoka hata tone, na hali ya hewa ya Tanga ilivyo nzito, mchawi umempata. Zibua kwa upepo mdogo kutokea nje.

Kikiwa salama, angalia chini ya wipa: majani yakijaa pale, maji ya mvua hutafuta njia ya kuingia ndani. Mtu mmoja amwage maji kwa mpira, mwingine akae ndani na tochi. Na kama unyevu wenyewe unateleza na una harufu tamu, hiyo ni koolanti (maji ya kupozea injini), koili ya hita inavuja.

bisibisi_bapa
Nati kumi kamaliza upande wa maji. Sasa bati.

Chukua bisibisi na nyundo ndogo, gonga kuanzia tundu kwenda nje. Bati zima linalia, lililooza linatoa sauti ya kadibodi. Chora mstari kwa chaki pale linapoanza kulia, kisha ongeza sentimita 2. Mstari ukibaki kwenye sakafu tambarare, kazi ni ndogo. Ukigusa kizingiti cha mlango, boriti ya chini inayobeba siti, bolti za siti au sehemu ya kufungia mkanda, hapo usishike wewe: hizo ndizo zinazobeba watu gari likigonga. Kipimo kingine: fungua mlango wa mbele, piga jeki upande huo mahali pazima. Mlango ukianza kugoma kufunga, bodi inapinda na laki tatu haitoshi.

Faiba sahau. Haishiki kwenye kutu, na chini yake unyevu unaendelea kula bati bila wewe kuona. Lami juu ya kutu mbichi ni hivyohivyo, unakuwa umeifunika blanketi.

Kazi inayokula pesa gereji ni kufungua na kusafisha, hiyo ifanye mwenyewe: toa siti, toa kapeti na lile sponji lake, bandua lami ya kiwandani angalau sentimita 10 kuzunguka eneo (ikipata moto inawaka na kutoa moshi mzito), piga brashi ya waya kwenye grenda hadi bati ling'ae. Miwani lazima, waya za brashi zinaruka. Kisha mlipe fundi kwa kuchomelea tu.

kapeti_bichi
Nimegonga, mstari uko sentimita 9 kutoka kizingiti. Bolti za siti nzima. Sasa kiraka nitumie bati gani? Kuna mabati ya nyumba yamebaki hapa.

bisibisi_bapa
Bati la nyumba hapana. Geji 30 ni nyembamba mno, moto ukigusa limeyeyuka, na zinki yake ikiungua inatoa moshi mweupe unaoleta homa ya usiku kucha. Tafuta bati jeusi geji 20, unene wa milimita 0.9 hivi, linalokaribiana na sakafu yenyewe. Kipande cha futi 2 kwa 2 kinatosha na kubaki. Boneti ya gari chakavu pia inafaa.

msasa80
Wengine hutumia pipa la mafuta. Chuma chake ni kizuri, ila pipa tupu lina mvuke na cheche moja ya grenda inalipasua. Kama huna budi, lijaze maji na kata kwa patasi.

Kiraka kizidi tundu kwa sentimita 2 kila upande, na pembe zikate mviringo, maana pembe kali ndizo zinazoungua kwanza na kuanza kupasuka. Tengeneza kwanza kwa kadibodi ya boksi, ikikaa vizuri ndipo uhamishie kwenye bati.

nati_kumi
Uliza mashine kabla ya bei. Unataka ya kuchomelea ya CO2, inayojilisha waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8. Fimbo za kawaida za kuchomelea kwenye bati hili zinatoboa, fundi anafukuza tundu mpaka tundu linakuwa dirisha. Gesi ya kabaidi inashika ila joto linasambaa na sakafu inapinda. Asivute mstari mrefu: adonde nukta, aruke sentimita 3 au 4, arudi baadaye palipopoa. Penye mwanya, bomba la shaba lililopondwa likishikiliwa kwa nyuma linazuia kutoboka, na chuma hakigandi kwenye shaba.

Kabla ya hapo toa waya zote mbili za betri, subiri zaidi ya sekunde 90 kama gari lina eabegi (mfuko wa hewa wa ajali), athi (kibano cha waya wa pili wa mashine) ifungwe karibu kabisa na kiraka. Chungulia chini: mabomba ya breki na mafuta yanapita wapi? Mtu akae na ndoo ya maji na tambara bichi, na asiondoke kazi ikiisha. Sponji huwaka kimyakimya hata nusu saa baadaye.

chuma_cha_pwani
Mbona mnamlazimisha kuchomelea? Riveti za milimita 4.8 kila sentimita 2.5, gundi ya bodi katikati, inakaa miaka.

bisibisi_bapa
Kwa tundu la sarafu sina ugomvi, mradi ziwe riveti za chuma. Za alumini kwenye chumvi ya pwani zinaliwa haraka. Kwa tundu la ngumi panapokanyagwa, riveti zinalegea na kuanza kulia.

msasa80
Rangi ifanywe siku hiyohiyo, bati tupu likilala usiku mmoja Tanga asubuhi lina vumbi la kahawia. Vishimo vya kutu visivyofikiwa na brashi vipake dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, osha, kausha kabisa. Halafu praima ya epoksi juu na chini, gundi ya kuzibia viungo kwenye ukingo wote wa kiraka pande zote mbili, rangi ya juu, lami mwisho. Praima nyekundu ya kawaida ikiachwa peke yake inapitisha maji.

kapeti_bichi
AC imewaka dakika 25, chini pakavu kabisa. Kipira kimetoa tope na nyasi. Jumamosi nakata.

nati_kumi
Vile vizibo vya raba vya mviringo kwenye sakafu visipakwe lami wala kuchomelewa. Ving'oe, safisha kingo zake, virudishe na gundi kidogo. Vijitundu vya chini ya kizingiti viache wazi. Sponji la kapeti likauke juani siku 3 au 4, likamue kwa mkono kabla ya kurudisha: juu linaweza kuwa kavu na katikati bado lina maji.